Maswali na majibu: Washirika wa darasa la jioni Bagamoyo

Shikamoo. Tuko vijana tunaowafundisha watoto kusoma na hesabu baada ya shule. Tutafute wapi mfadhili? (Magomeni)

Marahaba. Mfadhili asubiri. Mwoneni kwanza ustadhi wa madrasa ya jirani, maana mtoto akitoka shule, alasiri ni ya chuoni. Mkipanga vipindi bila kumuuliza, mnamlazimisha mzazi achague, na hapo mtashindwa, tena kwa haki. Mkielewana naye, huenda akawapa baraza na majamvi siku ambazo hana wanafunzi. Kisha nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mwalimu mkuu, wawajue ni akina nani mnaokaa na watoto.

Wiki nyingine darasa linajaa, wiki nyingine watoto hawaonekani. Wazazi hawajali elimu? (Dunda)

Wanajali sana, mwalimu. Tazama mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka, vyombo vingi vya dagaa hupumzika. Siku za giza mama yuko ufukweni ananunua, anachemsha, anaanika, na binti mkubwa amebaki nyumbani na wadogo zake. Kaa na akina mama hao pale soko la samaki mpange kalenda pamoja: masomo mazito siku za mbalamwezi, vipindi vifupi siku za giza. Na binti akija na mdogo wake mgongoni, mkaribisheni wote wawili. Hili nalisisitiza, kwa sababu wasichana ndio huanza kukosa masomo, kimya kimya, na hakuna anayeuliza. Kwangu mimi akina mama wa dagaa ni washirika wakubwa kuliko hoteli yoyote ya pwani. Wao ndio wanaoamua mtoto aje au asije.

Tungependa wanachuo wa TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni hapa Bagamoyo, watusaidie. Tuandike nini kwenye barua? (Kaole)

Ombeni jambo moja linalojibika kwa ndiyo au hapana: wanachuo wawili wa ngoma, saa moja, kila Jumamosi, muhula mmoja. "Tunaomba ushirikiano" haimwambii mtu afanye nini. Semeni pia watakachopata wao, yaani watoto wa kujifunzia kufundisha. Msipeleke barua karibu na tamasha lao la kila mwaka, wana shughuli nyingi.

Mwenye hoteli atatupa madaftari, lakini anataka picha za watoto kwenye matangazo yake. Tukubali?

Picha, hapana, hadi kila mzazi aridhie kwa maandishi huku akijua zitatumika wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu watoto pia. Mwambieni kwa heshima, na mumpe barua ya shukrani iliyoandikwa na watoto wenyewe. Hiyo anaweza kuitundika mapokezi. Akikataa, itisheni mchango wa wazazi mnunue madaftari machache.