Usiandike "hakuna aliyepinga": namna ya kupata maoni ya wahadhiri kuhusu shahada mpya

Mwalimu, hongera kwa kukabidhiwa kamati ya mtaala, na pole pia, maana uzito wake naujua. Umesema uliwatumia wahadhiri wote wa kitivo rasimu ya shahada mpya kwa barua pepe, wiki tatu zimepita, waliojibu ni wawili, na sasa mkuu wa kitivo anakuhimiza uandike kwenye ripoti kwamba hakuna aliyepinga ili rasimu iende Seneti ya chuo, inayopitisha mitaala. Nakusihi usiandike hivyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe utausikia kwenye bodi ya kitivo, au baadaye kabisa, wanafunzi wakishasajiliwa ndipo igundulike kuna yuniti, yaani masomo ya muhula, ambazo hazina mwalimu.

Nilikuwa katibu wa kamati iliyoandaa Shahada ya Tafsiri na Ukalimani katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Upande wa soko haukutupa taabu. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumika katika kesi yake. Kifungu cha 120 kinataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Umoja wa Mataifa una makao Gigiri, hapa hapa Nairobi, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Waajiri tuliowahoji walitujibu kwa furaha. Waliotunyamazia ni wenzetu tunaokunywa nao chai saa nne.

Kabla ya kuwalaumu, tazama walichopokea. Rasimu kamili yenye kanuni za mitihani, orodha ya vitabu na maelezo ya kila yuniti ni kurasa nyingi mno. Inamfikia mtu aliye na mafungu ya karatasi za kusahihisha, anayesimamia miradi ya wanafunzi, na ambaye muhula wake pengine ulibanwa baada ya mgomo wa wahadhiri wa 2025. Chini kabisa ya barua kuna ombi: "Tafadhali toa maoni yako." Maoni kuhusu nini hasa? Wengi pia wanakumbuka mara ya mwisho walipoandika maoni marefu, na hawakupata kujua yaliishia wapi. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mhadhiri hujibu anapoulizwa jambo analolijua kuliko wewe, na hujibu tena akiona jibu lake la kwanza limebadilisha kitu.

Kwa hiyo weka rasimu kubwa kando. Andika ukurasa mmoja: jina la shahada, itakayemfaa, orodha ya yuniti mwaka kwa mwaka, na nani anatarajiwa kuzifundisha. Ukurasa huo uuchukue mkononi uende nao idara kwa idara. Usiulize "unaionaje programu hii?", kwa sababu utaambiwa ni nzuri na mtu arudi kwenye karatasi zake. Uliza hivi: Kati ya yuniti hizi, ipi unaifundisha tayari kwa jina jingine? Ipi ungekubali kuifundisha muhula wa kwanza bila kuongezewa mtu? Ipi unaona hapa chuoni hakuna wa kuifundisha? Mwanafunzi akifika kwako mwaka wa tatu, ungependa awe ameshajua nini? Sisi tulipobadilisha maswali namna hii, watu wale wale waliokuwa kimya walituzuia mlangoni tusiondoke.

Nitakupa mfano uone jinsi jibu moja linavyoweza kuokoa programu. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya ukalimani wa mikutano alitazama ukurasa wetu, akaweka kidole kwenye yuniti ya ukalimani sambamba, ule wa kutafsiri huku msemaji akiendelea kusema, akauliza darasa litakuwa na wanafunzi wangapi. Tulikuwa tumeiweka kama mihadhara mingine yote. Akatueleza kwamba kibandani wakalimani hukaa wawili, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu akili huchoka haraka. Mwanafunzi asiyepata zamu ya kutosha kwenye kipaza sauti atahitimu akiwa anajua nadharia tupu. Hapo hapo hesabu ilibadilika: makundi madogo, saa zaidi za mazoezi, vibanda vya kununua, na mhadhiri wa kuongezwa. Katika ukumbi wa Seneti asingeweza kuyaeleza hayo, kwani hata mwaliko wa kuingia humo hana.

Mwingine, wa kitivo cha elimu, alisoma sifa za kujiunga tu. Tulikuwa tumeandika alama ya wastani ya C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na alama fulani katika lugha. Akatukumbusha kwamba KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inafikia kikomo mwaka 2027, na wanafunzi wa mtaala wa umilisi unaochukua nafasi yake waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, kwa hiyo watabisha hodi vyuoni 2029, wakitoka kwenye mikondo ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Programu ya miaka minne inayoanza sasa itakuwa haijatoa hata mhitimu wake wa kwanza kabla ya watoto hao kufika. Hilo lituandame sote tunaoandika mitaala wakati huu: sehemu ya sifa za kujiunga isomwe na mtu anayeifahamu sekondari ya juu ilivyo leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawalitaji mikutanoni, nalo ni mipaka ya idara. Idara ya Kiswahili iliona tafsiri ni yao. Isimu wakaona ni yao. Wa Kifaransa wakahofia kwamba shahada mpya itawachukulia wanafunzi wachache walio nao. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, kwa kuwa idara isiyo na wanafunzi hupoteza nafasi za kazi. Ukiichukulia kuwa ukaidi utajijengea maadui bure. Tuliwaita wenyeviti wa idara zote tatu meza moja, tukaweka orodha ya yuniti mbele yao, na kila yuniti ikaandikiwa idara itakayoihudumia na mihula itakayofundishwa. Kifaransa walipata yuniti mbili zaidi ya tulizokuwa tumepanga. Kikao kilikuwa kirefu na sauti zilipanda, lakini tangu siku hiyo wenyeviti wale ndio waliokuwa wakitutetea mbele ya wengine.

Wahadhiri wa muda usiwasahau, nakuomba sana. Wanafundisha sehemu kubwa ya madarasa yetu, wanazunguka vyuo viwili vitatu kwa magari ya matatu, na hawaingii kwenye bodi ya idara. Wao ndio wanajua mwanafunzi anakwama wapi, na wanajua chuo jirani kinafundisha nini. Wapigie simu jioni. Ikiwa unawaita kikaoni, omba idara iwarudishie nauli, kwa kuwa kumwita mtu ambaye malipo yake ya muhula uliopita hayajafika, aje akupe ujuzi wake bure, ni kumdhulumu.

Kuhusu vikao: usianze na profesa mkubwa. Akishasema, vijana watatikisa vichwa tu. Sisi tuligawa vijikaratasi, kila mtu akaandika hoja zake kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, halafu tukaanza kusoma za wahadhiri wasaidizi. Maprofesa hawakukasirika, na baadhi walishukuru. Ukitumia fomu ya Google na ukaahidi kwamba majina hayatajulikana, hakikisha haikusanyi anwani za barua pepe, kwa sababu ukitumia akaunti ya chuo huenda ikawa imewekwa hivyo bila wewe kujua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata wewe uliyekabidhiwa kamati. Na zaidi ya sheria, ukivunja ahadi hiyo mara moja, hakuna atakayekuandikia ukweli tena.

Kazi inayorukwa na kamati nyingi ni kurudisha majibu, na kwangu mimi ndiyo kiini cha zoezi lote. Tengeneza jedwali la safu nne: hoja, idara ilikotoka, tulichofanya, na sababu. Kila hoja iingie, hata ile inayokuudhi. Kwenye safu ya tatu andika imekubaliwa, imekubaliwa kwa sehemu, au haikukubaliwa. Zile zisizokubaliwa ndizo za kuandikia sababu ndefu na ya heshima. Kisha mtumie kila aliyechangia jedwali zima, pamoja na rasimu iliyorekebishwa. Tulipofanya hivyo, duru ya pili ilileta maoni mengi kuliko ya kwanza, tena ya kina, kwa sababu watu waliona maneno yao yamekaa pale yakijibiwa. Jedwali hilo liambatanishe na rasimu iendapo Seneti na baadaye Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Tume hiyo, iliyoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, inataka kuona mahitaji yaliyothibitishwa, walimu wenye sifa na rasilimali zilizopo. Karatasi inayoonyesha nani amekubali kufundisha nini ni ushahidi mzuri kuliko kurasa za maneno ya jumla.

Kwa hiyo mwambie mkuu wako wa kitivo, kwa adabu, kwamba unahitaji muda zaidi, na umtajie tarehe ya kumaliza ili asidhani unakwepa. Epuka wiki za mitihani na za kusahihisha. Wale wawili waliokujibu waandikie leo, uwaeleze umefanya nini na hoja zao, kisha waombe wakupeleke kwa wenzao wa idara.

Na ukikutana na anayepinga mpaka mwisho, mwache apinge kwa maandishi. Kwetu alikuwa profesa wa Kiswahili aliyeshikilia kwamba chuo hakina haki ya kutangaza Lugha ya Ishara kama sehemu ya shahada wakati hakina hata mhadhiri mmoja wa kudumu anayeimudu. Kamati ilitaka tuendelee na wa muda kwanza. Tuliiweka hoja yake nzima kwenye jedwali, kwa maneno yake mwenyewe, na jibu letu kando yake. Seneti ilisoma yote mawili ikakubaliana naye: programu ilisogezwa mbele kwa mwaka mmoja, nafasi ya kazi ikatangazwa, na profesa yule akakubali kuwa kwenye jopo la kumhoji atakayeijaza.