Yufoniamu ya kompenseti kwa bei nafuu: tazama pistoni kabla ya mng'aro

Vijana wa bendi yetu ya Jeshi la Wokovu hapa Nairobi huniuliza: hizi yufoniamu (tarumbeta kubwa za sauti nene) za Kichina zinazofanana na zile za chapa ya Yamaha au Besson, zinafaa? Zinafaa. Lakini umbo ni rahisi kunakili. Kazi ngumu iko ndani ya pistoni, yaani vali unazobonyeza kwa vidole, na huko ndiko pesa nyingi ya zile za bei kali inakoishia.

Yufoniamu ina bomba la karibu mita 2.75. Pistoni ya pili huongeza kama sentimita 16 ili ishushe sauti nusu toni. Ukibonyeza ya nne, bomba lote linafika karibu mita 3.7, na hapo nusu toni inadai kama sentimita 22. Zile 16 hazitoshi tena, kwa hiyo noti za chini zinatoka juu kuliko zinavyotakiwa. Mwaka 1874 David Blaikley, wa Boosey kule London, alipata dawa, ndiyo mfumo tunaouita kompenseti: ukibonyeza ya nne, hewa inarudishwa kupitia pistoni tatu za kwanza na kuongezewa vijibomba vya fidia. Hataza yake, yaani haki yake ya uvumbuzi, imeisha zamani, kwa hiyo kiwanda chochote kinaweza kuutumia mfumo huo bila kumwibia mtu.

Sasa fikiria: hewa inapita pistoni zilezile mara mbili. Zikilegea kidogo, noti za chini zinakufa. Zikibana, zinakwama. Bendini kwetu zilikuja mbili za aina moja, moja tamu kabisa, ya pili pistoni yake ya tatu iligoma hadi fundi alipoishughulikia. Ndiyo sababu nashauri ununue kwa muuzaji anayefungua kila chombo na kukikagua kabla ya kukiuza, hata kama anaongeza bei kidogo. Bado utakuwa chini ya nusu ya bei ya Besson mpya.

Ukiishika dukani, vuta slaidi (kijibomba kinachochomoka) ya kila pistoni bila kuibonyeza pistoni yenyewe, subiri kidogo, kisha bonyeza. Isipotoa mlio wa "pop", hewa inavuja. Halafu shuka polepole kwa pistoni ya nne mpaka 1-2-3-4 zote, ukiwa na tyuna (kipima sauti) mbele yako. Usipige ile tenzi unayoipenda. Kila chombo kinaimba vizuri kwenye tenzi.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: nakala hurithi tabia za mama yake. Noti ya G iliyo juu tu ya mistari ya muziki hupanda kuliko inavyotakiwa kwenye yufoniamu nyingi za kifahari, na baadhi yake zina kishikio cha kidole gumba cha kuishusha. Nakala rahisi kwa kawaida hazina, kwa hiyo utaishusha kwa midomo. Uliza pia ukubwa wa shina la mauthpisi (kipande cha mdomoni); uliyonayo huenda isiingie.

Na kama sehemu unayopiga haishuki chini kiasi hicho, achana na kompenseti. Tafuta Yamaha YEP-321 iliyotumika, pistoni nne za kawaida, nyepesi kubeba kwenye maandamano.