Mkeo si mvivu, umeandika mwenyewe

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tangu mke wangu augue UVIKO mwaka jana amekuwa mtu wa kulala tu. Akifua Jumamosi, Jumapili na Jumatatu hanyanyuki. Amepimwa wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, vyote viko sawa. Sasa daktari anataka aonane na mwanasaikolojia. Mama yangu anasema ni uvivu, na mimi sina hela ya kulipia maongezi. Nashukuru kuna dada kazini ananisikiliza. Nifanyeje? – Mume Aliyechoka, Tabata.

JIBU: Marahaba, pole. Lakini hilo jina ulilojipa, hivi aliyechoka ni nani hasa?

Barua yako nimeisoma nikimtafuta mvivu, sikumwona. Mvivu hafui. Mkeo anafua nguo za familia nzima, kisha anailipia kazi hiyo kwa siku mbili kitandani. Jina la ugonjwa atalitaja daktari, ila kuzidiwa hivyo baada ya kazi ya kawaida ndiyo alama kubwa ya ugonjwa wa uchovu sugu, na ugonjwa huo mara nyingi huanza baada ya virusi, UVIKO ikiwemo. Mtu analala usiku kucha anaamka hoi. Anaingia jikoni anasahau alichofuata. Ukimpima damu, haionyeshi kitu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kupelekwa kwa mwanasaikolojia si kuitwa kichaa. Wala hatamponya, atakayekuahidi hivyo, shika pochi yako. Atamfundisha kugawa nguvu. Mwili wa mkeo sasa ni LUKU yenye uniti chache: akipiga pasi asubuhi, usiku mnalala giza. Afue nguo tatu apumzike kabla hajachoka, zilizobaki zingoje au ufue wewe. Watapanga usingizi wake, na kama kuna sonona imejificha itajulikana. Tena atausema ule uchungu wa kuonekana mke asiyefaa, uchungu aliotiwa na watu wawili, mmoja wao kaniandikia barua.

Akiambiwa ajikaze na aongeze mazoezi kila wiki hata mwili ukikataa, akatae. Uingereza walikuwa wakishauri hivyo, lakini mwongozo wao wa tiba wa 2021 ukaachana nalo, ukasema pia kwamba tiba ya mazungumzo ni ya kumsaidia mgonjwa kuishi na hali yake, haiondoi ugonjwa.

Ndoa za siku hizi jamani! Kamati ya harusi inakaa miezi, michango inadaiwa hadi usiku, mabwana harusi wanalia mbele ya kamera. Mke akilala na malaria siku tatu, supu inapikwa. Ugonjwa ukifika mwaka, mume anatafuta wa kumsikiliza ofisini. Kumbe faida ya maongezi unaijua, baba, ila unaitaka peke yako tena bure. Huyo dada mwache afanye kazi yake.

Kuhusu hela, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, kaulizieni huko kabla ya kukimbilia binafsi. Uende naye, uingie ndani, usibaki kwenye benchi na simu. Mama yako utaongea naye wewe, kwa adabu, mkeo asiwepo.