Barua kwa binti yangu mkaguzi: mbio, gitaa na safari za kazi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma, nikampa mama yako naye akausoma, kisha tukauweka kwanza, kwa sababu si wa kujibiwa kwa kidole kimoja kwenye simu. Umeuliza hivi: "Baba, wewe uliwezaje reli, gitaa na mbio, vyote pamoja? Mimi kila kimoja nakipa makombo. Mwezi huu nimelala Dodoma, Mbeya na Mwanza kuliko nilivyolala kwangu Tabata. Niuze gitaa, au niache kukimbia?"

Gitaa usiuze. Mbio nazo usiache. Lakini ile ratiba uliyonitumia, ya kila siku saa moja ya mbio na saa moja ya gitaa, kazi ikiwa katikati, ichane leo.

Kwanza nikuondolee sifa usizotakiwa kunipa. Nyinyi vijana mnatuona kama tulikuwa na nguvu za ajabu. Hatukuwa nazo. Tulikuwa na mashirika. Shirika lilikuwa na timu na uwanja, na mengine yalikuwa na bendi kabisa. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na yao, JKT walikuwa na yao. Mpiga solo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Mimi bendi sikuingia, nilikuwa fundi wa mawasiliano wa reli anayepiga rithimu barazani, lakini hata mimi, ikikaribia michezo ya mashirika, msimamizi wangu ndiye aliyenipangia zamu ili nipate nafasi ya mazoezi. Nikisafiri kwenda Tabora au Kigoma, nilikuta wafanyakazi wenzangu wanacheza jioni, nikaungana nao. Siku hizi hayo yote umeachiwa wewe, baada ya saa za kazi, kwa fedha yako. Kwa hiyo ukichoka usijiite mvivu.

Wala usijipime kwa wale unaowafuatilia mtandaoni. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, akimpita Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, hapa mtaani tulipiga kelele mpaka kuku wakatoka bandani. Lakini kwa Simbu kukimbia ndiyo kazi, na safari ni sehemu ya kukimbia. Mbaraka Mwinshehe wetu wa hapa Morogoro alifika Osaka mwaka 1970 na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya dunia, na kwake safari na gitaa vilikuwa kitu kimoja. Watu hao wana jambo moja lililogawanyika sehemu tatu. Wewe una mambo matatu yasiyojuana.

Nimeitazama ratiba yako jinsi nilivyokuwa nikitazama waya zenye hitilafu, nikitafuta penye shoti. Nilidhani nitaikuta kwenye safari. Haipo huko. Iko usiku wa Tabata. Umeniambia kurekodi kwako kunaanza saa tano usiku, bodaboda zikipungua na jirani wa ukuta mmoja akizima televisheni. Na kukimbia kwako kunaanza saa kumi na moja alfajiri, kabla jua na daladala hazijawahi barabara. Sasa hesabu, wewe si ndiye mkaguzi? Gitaa linaula usingizi wako kutoka mwanzo, mbio zinaula kutoka mwisho, na kinachobaki katikati hakimtoshi hata mlinzi wa zamu. Kazi inasingiziwa tu kwa sababu ndiyo inayokukuta asubuhi ukiwa umechoka. Hata ungeacha safari zote, hivi viwili vingeendelea kugombana.

Ndiyo maana nasema usivikutanishe. Mbio zinasafiri, gitaa halisafiri. Ukishalikubali hilo, mengi yanajipanga yenyewe.

Ukiwa safarini, wewe ni mkimbiaji. Gitaa limebaki nyumbani, hakuna cha kukukesha, unakula mapema unalala. Alfajiri unavaa raba unatoka. Mtu anayelala ugenini siku kadhaa anaweza kulala vizuri, akiamua kuzima simu. Hapo ndipo weka mazoezi yako mazito, yale ya mwendo na ya umbali.

Ila miji si sawa, na hili naona hulizingatii, maana umelalamika kwamba Mbeya "mwili ulikataa". Haukukataa. Dar uko usawa wa bahari. Dodoma ni kama mita 1,100 juu, Mbeya ni kama 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi, kila pumzi inaleta oksijeni kidogo, moyo unapiga haraka kufidia. Kuizoea kunachukua siku nyingi kuliko muda unaokaa huko. Kwa hiyo siku mbili za kwanza kimbia polepole kiasi cha kuweza kuongea, na hiyo saa ya mkononi inayokupigia kelele kuhusu mwendo, ivue. Najua tatizo lako jingine: unaanza kwa kasi. Huo ni ugonjwa wa familia. Tulikulia na habari za Filbert Bayi, aliyetoka mbele tangu mwanzo kule Christchurch mwaka 1974 na hakushikwa, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32 na kitu. Kila mtoto wa shule nchi hii alijaribu kukimbia hivyo. Lakini ile ni mbinu ya bingwa, na ya mita 1,500. Wewe umeshuka kwenye gari la ofisi saa nne usiku na miguu imevimba, unataka kumkimbiza nani?

Na usikimbie gizani peke yako kwenye mji usioujua. Mama yako amenisimamia hapa niandike hili kwa herufi kubwa, nami nakataa herufi kubwa lakini nakubaliana naye. Muulize mlinzi wa gesti njia ipi ina watu na mbwa wake wamefungwa. Walinzi wanajua kuliko mapokezi. Klabu za jogging zipo karibu kila mji siku hizi, na zinampokea mgeni bila maswali mengi. Ukikosa, subiri kupambazuke, au zunguka uwanja wa mpira. Kuzunguka uwanja kunachosha akili, lakini utarudi salama.

Gitaa sasa. Usilibebe. Najua unataka kulibeba, na treni ya umeme inakushawishi kwa kuwa ni nafasi nzuri na saa chache tu hadi Dodoma. Mbao iliyozoea unyevu wa Dar, ukiipeleka Dodoma wakati wa kiangazi, inakauka na kujikunja. Shingo inapinda, kifua kinapata ufa. Ukiirudisha pwani inavimba tena. Gitaa la mbao nyembamba linaweza kuvumilia hayo mara chache tu. Na hata likipona, utalipigia wapi? Gesti zina kuta za karatasi, na wenzako wa timu wanataka kulala.

Kinachoumia ukiwa mbali ni ncha za vidole. Sugu zinalainika ukikaa wiki mbili hujagusa uzi, na ukirudi unapiga kidogo tu vinauma, unakata tamaa. Sisi tulikuwa na ujanja wetu karakana. Rafiki yangu alikata shingo ya gitaa lililovunjika, akabakiza freti chache (vile vyuma vya shingoni) na nyuzi fupi zilizokazwa kwa skrubu. Haitoi sauti ya maana, lakini unaikamata kitandani ukibadilisha vidole kutoka kodi moja ya gitaa (chord) hadi nyingine, na vidole vinabaki vigumu. Inaingia kwenye begi pamoja na mafaili. Nimeshakuanzia moja, ya lile gitaa la mjomba wako lililokaliwa na mtu mnene kwenye harusi. Mnene huyo simtaji, tunakutana naye kanisani.

Safarini pia andika mashairi. Treni inafaa sana kwa hilo kuliko basi, maana meza imetulia. Ila sauti, kurekodi, kuchanganya ala kwenye kompyuta, hayo ni ya nyumbani.

Ukiwa nyumbani basi, wewe ni mwanamuziki. Mbio zipunguze bila huruma. Kimbia jioni ya kawaida, kidogo, kuufanya mwili usisahau, na Jumamosi nenda na wenzako hadi Daraja la Tanzanite mkapigwe na upepo wa bahari. Alfajiri ya siku za kazi lala. Ukilala hadi saa kumi na mbili na nusu ndipo utaweza kukesha kidogo na gitaa bila kesho yake kuharibika. Mwili hausahau mbio kwa wiki mbili za kulegeza. Umejengwa huko safarini, hapa unautunza tu.

Lakini siku ya kwanza ukirudi usiguse chochote kati ya hivyo viwili. Fua nguo. Kesho yake ofisini rejesha masurufu, yaani hesabu ya fedha uliyopewa ya safari, stakabadhi zote, ufunge. Naona unacheka, lakini najua ninachosema. Nimewaona watu wengi wakishindwa kufanya jambo lolote la maana nyumbani kwa sababu ya stakabadhi za mafuta zilizolala kwenye mkoba. Mkaguzi anayedaiwa masurufu hapigi solo nzuri.

Kuhusu mwaka mzima, kazi yako imekupangia misimu tayari. Kuanzia Oktoba mnatoka kukagua hesabu za serikali, na taarifa ya ukaguzi lazima iwe kwa Rais mwisho wa Machi. Miezi hiyo hutakuwa nyumbani hata ukilia. Basi hiyo ndiyo miezi ya mbio, na Kilimanjaro Marathoni ya Moshi huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, inaangukia mahali pake. Ila jiandikishe kilomita 21. Hizo 42 unazoziota zinataka mbio ndefu za saa tatu kila wiki, na Februari ndipo mnapokesha na taarifa. Mwaka huu hapana. Siku utakayobadilishwa kitengo tutazungumza.

Aprili hadi Septemba iwe ya muziki. Najua utasema: Aprili ni masika, na paa la chumba chako ni la mabati. Ndiyo. Mvua kwenye bati inazima hata mazungumzo, itakuwaje maikrofoni. Wakati wa mvua usirekodi, fanya mazoezi, panga rithimu na besi, rekebisha mashairi uliyotoka nayo kwenye treni. Mvua ikikatika nako kuna vyura, wala usihangaike nao, waache waimbe zamu yao. Kipupwe kikiingia, Juni na Julai, utapata usiku mkavu na wa baridi kidogo ambao unaweza kuzima pangaboi bila kutoka jasho. Pangaboi ndilo linaloharibu rekodi zako, si maikrofoni. Nimezisikiliza kwa hedifoni za mdogo wako na ule mvumo upo kote. Ning'iniza blanketi nyuma yako unapoimba, funga dirisha, zima pangaboi, rekodi. Ukimaliza futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana chumvi ya Dar na jasho vinazila upesi.

Posho usiifuate. Nasema hivi kwa kuwa umetaja kwamba safari moja ya Mwanza uliiomba mwenyewe. Kama fedha ilikuwa na kazi maalumu, sawa, kila mtu ana shida zake. Lakini usiombe safari halafu ukauliza kwa nini wimbo haujaisha. Ukipangiwa nenda, usipopangiwa kaa.

Siku ukipata watoto hii barua yote haina kazi, tutaandikiana nyingine.

Jambo la mwisho ni langu mimi, lina ubinafsi ndani yake. Nyimbo zako ni nzuri, lakini zinasikika ni za mtu aliyepiga ala zote peke yake chumbani. Solo haimjibu mtu. Rithimu haishtuki. Muziki wa dansi ulitengenezwa na watu wanaotazamana usoni. Treni inayokutoa Dodoma Ijumaa jioni inasimama Morogoro. Kata tiketi ya hadi hapa. Ulale kwetu, Jumamosi asubuhi upande barabara ya Morningside kwa miguu yako, mlima utakufundisha kuanza polepole bora kuliko mimi. Jioni tukae barazani, mzee mwenzangu wa besi bado yupo na vidole vyake bado vinafanya kazi, uimbe ule wimbo wako wa pili sisi tukusindikize. Rekodi kwa simu, na kelele za bodaboda zote zimo. Jumapili mchana unaendelea Dar, na Jumatatu uko kazini hujakosa kitu.

Mama yako anakusalimu. Anakumbusha sufuria yake kubwa uliyoiazima Pasaka. Ukishakata tiketi niambie ni treni ya saa ngapi nije kukupokea stesheni, na kama unatokea Dodoma lete zabibu, ila uzikague kwanza, zile za mwisho chini ya boksi zilikuwa zimeoza.

Baba yako,
Morogoro