Muulize Shangazi: Fundi wangu mkate anaujua, ila mdomo wake utanimaliza

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nipo Tanga, marehemu baba kaniachia bekari ndogo hapa Makorora, tunatoa boflo na maandazi. Nna fundi mkuu, mtu mzima, kaanza na baba mi niko shule ya msingi, namwita mjomba mpaka leo. Mkate wake hauna mpinzani. Lakini akiingia tu saa tatu usiku ni malalamiko mpaka kunakucha: hamira imekufa, tanuri bovu, vijana wazembe, usiku haulipwi, enzi za mzee haikuwa hivi. Anasema mbele ya vijana, na juzi kasema mbele ya mteja wa jumla. Kijana mmoja mzuri kashaacha kazi. Nikimgusa ananuna wiki nzima. Nimfukuze? Na nikimfukuza nani atanipikia?*

Marahaba mwanangu. Pole, na hongera pia, maana bekari ngapi zinazikwa na mwenyewe, yako bado inatoa mkate.

Sasa barua yako nimeisoma, umenipa orodha nzima ya anayoyasema ila hakuna hata sehemu moja ulosema wewe ulimjibu nini. Hamira imekufa, haya, imekufa kweli au kazusha? Hujasema. Kwako yote hayo ni "malalamiko" basi, umeyafunga fungu moja ukayatupa kule, na yeye kila usiku anayaokota anakurudishia kwa sauti kubwa zaidi.

Hebu tuyafungue. Hamira ikishafunguliwa pakiti ikaachwa wazi kwenye stoo ya bati, Tanga hii, mwezi wa pili, itakuwa na nguvu gani tena? Inataka chombo kinachoziba na sehemu ya baridi, friji ikiwepo ndo vizuri. Na kaskazi ikipiga, unga uliokandwa unaumuka mbio kuliko wakati wa kusi, kwahiyo fundi akisema maji yawe baridi au tuchelewe kidogo kukanda, huyo anakulindia mkate wako, tatizo ni mdomo anaoutumia kukwambia. Fundi mzuri akiona kazi inaharibika roho inamuuma, na wewe unalalamikiwa na mtu ambaye bado anajali, ningekuwa wewe ningeogopa zaidi siku akinyamaza mkate ukatoka bapa na yeye anakunywa chai tu.

Halafu hilo la usiku haulipwi, hapo mwanangu usiseme mjomba ana kisirani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na ovataimu ni mara moja na nusu. Kaa na daftari lako la mishahara upige hesabu, yake na ya vijana wote wa zamu ya usiku. Kama mzee alikuwa anawamalizia kwa mikate ya kubeba nyumbani na hela ya sikukuu, na wewe ukaja ukakata hiyo mikate ukisema unabana matumizi, basi "enzi za mzee" unaijua maana yake.

Ila kukusema mbele ya mteja, hapana. Na kuwatukana vijana, hapana kubwa. Hapo hata awe anaoka mkate wa peponi. Mtafute yule kijana alieacha umuulize taratibu kilichomkimbiza, usimuulize mjomba kwanza.

Kuongea nae sasa. Usiongee usiku unga uko mezani, usimwite ofisini vijana wakiona, na tafadhali usikimbilie kuita wazee wa mtaa wamweke kitako, najua ndo mila yetu ila mtu mzima ukimfanyia kikao kwa neno la kazini umemvua nguo, hatokusamehe. Ngoja mkate utoke, vijana waondoke, mpe chai. Shikamoo yake mpe, mjomba muite, ila ongea kama mwenye bekari: "Mjomba, la hamira una haki, nimenunua chombo na itakaa kwenye friji. La usiku nimepiga hesabu, mwezi huu utaliona. Tanuri sina hela mwaka huu, nimekusikia na jibu ni hapana. Lakini mbele ya mteja usiniseme tena, na vijana usiwatukane. Ukiwa na neno, kila Jumamosi muda huu tunakaa mi na wewe." Hiyo hapana ya tanuri usiilainishe na "tutaona tutaona", tutaona ndo inayomfanya aulize kila siku.

Atanuna. Mwache anune, sisi watu wa pwani kununa tunakujua, kunaisha kwenyewe usipokufata na soda mkononi. Mradi mkate unatoka.

Kinachokutia presha hasa ni kwamba mapishi yote yako kwenye kiganja cha mtu mmoja. Nunua mizani. Mwombe amfundishe kijana mmoja, kila anachokishika kipimwe kiandikwe, na mlipe posho ya kufundisha, tena mwambie wazi kwamba hutaki kumtoa, unataka akiumwa bekari isifungwe. Ukifanya kimyakimya atajua, na hapo atakuwa na lalamiko la kweli kuliko yote.

Kumfukuza kwa sasa sahau. Kudai haki yake si kosa la kumfukuzia mtu, na akienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, ambako anazo siku 30 tangu aachishwe, utaulizwa sababu na utaratibu uliofata, we utasema nini, alinuna? Akirudia matusi baada ya kikao chenu, hiyo ni habari nyingine: barua ya onyo, tarehe, kilichotokea, asaini na wewe ubaki na kopi. Akikataa kusaini tafuta shahidi aandike kwamba kasomewa. Na akifikia pabaya zaidi mpe nafasi ajieleze akiwa na mwenzie, kabla hujaamua chochote.