Mpiga besi, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye wimbo

Nimepiga besi miaka 15 sasa. Nilianza kanisani Tabata nikiwa kidato cha pili, gitaa la solo lilikuwa na wenyewe, kinanda kina mwenyewe, besi ilikuwa imeegeshwa ukutani haina mtu basi mwalimu wa kwaya akaniambia chukua hilo. Ukiongea na wapiga besi wengi utasikia hadithi kama hiyohiyo, besi huwa unapewa, halafu inakunasa na ikishakunasa ndo basi tena.

Naandika hii kwa sababu kuna wadogo zangu kila wiki wananiuliza kaka hivi besi inalipa? Inalipa. Ila kuna mambo nilichelewa kuyajua na yamenigharimu, sitaki na nyie myapitie.

Kwanza niwape mtu wa kumwangalia. Kila mtu huku anamjua Freddie Mercury, kazaliwa Unguja, Mji Mkongwe, mwaka 1946, watalii wanapiga picha mlangoni kila siku. Sasa nyuma yake kwenye ile bendi ya Queen kulikuwa na mtu mmoja mkimya kweli, John Deacon, mpiga besi. Huyu ndo mwalimu wangu japo hanijui. Aliingia 1971 akiwa na miaka 19, wa mwisho kuingia na mdogo kuliko wote, kabla yake walishajaribu wapiga besi wengine hawakukaa. Wale wenzake watatu wote wanaimba, wote wana makeke jukwaani, yeye anasimama karibu na drams anapiga kazi yake. Ukiangalia ile shoo ya Live Aid pale Wembley, Julai 1985, acha kumwangalia Freddie kwa dakika tano tu (najua ni ngumu) mfuate Deacon, utaona anavyokwenda na mpiga drams.

Hapo ndo pa kuanzia. Besi na kiki, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, ni mke na mume. Mi mazoezini nakaa upande wa haiheti (zile sahani mbili za kukanyaga) ya dramer ili nione mguu wake, sisikilizi tu, naangalia goti, kwa sababu goti linaanza kabla ya sauti. Kwenye hizi hoteli tunazopiga Msasani na Masaki saundi inarudi vibaya sana kutoka ukutani, ukitegemea masikio peke yake utachelewa na wimbo mzima utakuwa mzito watu hawachezi na hawajui kwa nini hawachezi.

Na punguza nota jamani. Ule wimbo wao uliokuwa namba moja Marekani mwaka 1980, Another One Bites the Dust, aliutunga Deacon, na besi yake ni nota moja, E, inagongwa mara tatu halafu kimya. Kimya kile ndo kinachomfanya mtu atikise kichwa. Yeye mwenyewe alipiga humo na gitaa la ridhimu na piano, na mwanzoni wenzake hawakuwa wote wanaukubali kwa sababu haukuwa rock ile waliyoizoea. Michael Jackson ndo aliwashauri wautoe kama singo, yaani wimbo wa kuuzwa peke yake. Mi nilikuwa najaza kila nafasi, nikisikia upenyo natia manjonjo, mpaka mzee mmoja aliyepiga dansi miaka mingi akanishika bega baada ya shoo akaniambia mwanangu, muachie na mwimbaji apumue. Nimeishi na hayo maneno.

Haya sasa tuje kwenye hela, maana hapa ndo nina uchungu.

Mwaka 2014 niliitwa studio kupigia wimbo wa msanii mmoja, simtaji. Prodyuza alikuwa na biti na kodi nne za kinanda (chords) basi, hakuna kingine. Nikakaa pale masaa mawili nikatafuta mstari wa besi, nikaupata, na ule mstari ndo ukawa wimbo, mwimbaji alifuata melodi ya besi neno kwa neno. Nikapewa elfu 40 na soda. Mwaka mzima wimbo uko kwenye daladala, kwenye harusi, kwenye redio, nasikia vidole vyangu mwenyewe nikiwa nimesimama kituoni sina nauli. Sikusaini kitu, sikuuliza kitu, niliona aibu kuongelea hela mbele ya watu wanaonifurahia. Hiyo aibu ndo nataka muitoe kabisa.

Kwa sababu angalia, kwenye bendi kuna hela ya kupiga na kuna hela ya kutunga, hizi ni mbili tofauti. Ya kupiga inaisha usiku uleule. Ya kutunga inaendelea kuja ukiwa umelala, ukiwa mgonjwa, hata ukiacha muziki. Queen walilijua hili kwa maumivu, miaka ya mwanzo aliyeandikwa mtunzi ndo anachukua za utunzi, na wimbo wa upande wa pili wa sahani ya santuri uliingiza sawa na ule wa mbele uliouza, basi Roger Taylor mpiga drams alipata kama Freddie aliyetunga Bohemian Rhapsody kwa vile wimbo wake ulikaa nyuma ya sahani ileile. Ugomvi haukuisha mpaka albamu ya 1989 walipoamua nyimbo zote ziandikwe kwa jina la bendi, wanne sawasawa. Na Deacon ambaye haimbi alikuwa ameshatunga You're My Best Friend, aliyomtungia mke wake na akajifunza piano ya umeme ili aipige mwenyewe, na I Want to Break Free.

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, nendeni. Hakimiliki ni ya aliyetunga, hakishiriki inamgusa aliyepiga na kuimba. Haki yako inaanza pale kazi inapozaliwa lakini siku ya ugomvi utaulizwa ushahidi, hivyo karatasi iandikwe studio kabla hujachomoa jeki ya waya wa besi, majina, asilimia, sahihi, tarehe. Kama prodyuza hataki basi mwambie unampigia kazi kwa malipo ya mara moja na taja bei ya mtu anayeuza kitu moja kwa moja, sio elfu 40.

Lingine, uwe na ufundi mwingine. Deacon alisoma elektroniki chuo pale London akamaliza vizuri sana, na aliwahi kuokota saketi kwenye takataka akaiweka ndani ya spika ndogo ikawa ampu (kikuza sauti) ya betri ambayo Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alirekodia magitaa yake miaka na miaka. Mi nilijifunza kulehemu kwa fundi redio Kariakoo, miezi minne, nilikuwa nafagia kwake na kumbebea mizigo. Kipindi cha korona mahoteli yamefunga nilikula kwa kutengeneza jeki, ampu na mikrofoni za makanisa. Usiku wa kwanza mahoteli yamefungua nilikuwa na nyuzi mpya na kodi ya nyumba imelipwa.

Freddie alifariki Novemba 1991 na Deacon hakukaa sana tena, alipiga mara chache, mwaka 1997 akarekodi wimbo wa mwisho na wenzake akarudi nyumbani kwa familia yake, hadi leo haonekani. Aliweza kuchagua hivyo kwa sababu jina lake limo kwenye zile nyimbo.

Sisi bendi yetu tuna daftari la kaunta, linakaa kwenye begi la sahani za drams. Kila wimbo mpya tunaandika siku hiyohiyo nani kaleta nini na kila mtu anasaini. Ziko 11 mpaka sasa. Ijumaa iliyopita dramer wetu kaandikwa mtunzi kwa mara ya kwanza, akapiga picha ule ukurasa akamtumia mama yake Dodoma.