Mbwa hutazama mkono kabla ya kusikia neno

Swali la wiki hii lilikuwa: je, mbwa anaelewa maneno tunayomwambia, au anabahatisha tu? Yapo anayoyaelewa, lakini mara nyingi anachofuata ni mwili wako, si mdomo wako.

Mpime hivi. Simama wima, mikono nyuma, tazama ukuta, kisha sema "kaa" kwa sauti yako ya kila siku. Mara nyingine sema "lala", bila mpangilio, jumla mara 20 kwa siku mbili tatu. Anayekaa kwa "kaa" na kulala kwa "lala" ameyajua maneno. Anayekukodolea macho, masikio yamesimama, akisubiri, huyo alizoea kiganja chako kinavyopanda au kichwa chako kinavyoinama.

Chanzo chake ni kufundisha neno na ishara kwa pamoja. Ishara ni nyepesi kwake, basi anaishika na neno linapita tu. Tanguliza neno, nyamaza sekunde moja, ndipo unyanyue mkono. Akikaa, mpe kitamu papo hapo, kabla hajainuka. Ukiona anaanza kukaa mkono haujasogea, punguza ishara kidogo kidogo. Dakika tano, mara mbili kwa siku, zinatosha. Na neno liseme mara moja! Ukizoea "kaa, kaa, kaa", atajifunza kungoja ile ya tatu.

Uwezo wao si mdogo hata kidogo. Rico, mbwa wa Ujerumani aliyeripotiwa kwenye jarida la Science mwaka 2004, alijua majina ya vitu zaidi ya 200. Chaser wa Marekani alifika 1,022 baada ya miaka mitatu ya mazoezi. Rico alitumwa kuchukua vitu chumba kingine, ili macho ya bwana wake yasimwonyeshe kipi ni kipi. Lakini hao ni wachache mno, wala usimpime wako kwa kipimo chao.

Sauti nayo ina uzito. Watafiti wa Budapest, Hungaria, walipochunguza ubongo wa mbwa mwaka 2016, sehemu inayohusika na raha iliamka zaidi pale neno la sifa lilipotamkwa kwa sauti ya kusifu. Neno peke yake halikutosha, wala sauti peke yake.

Chagua pia maneno yasiyofanana, kwani tofauti ya herufi moja humpita kirahisi. Hata "lala" na "leta" zinakaribiana mno. Kwa kuleta, mfundishe "chukua".